Sauti Ambayo Dada Alisema Si Yake

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye leo mimi mdogo wake nimepewa kazi ya kumsemea, na kusemewa alikuwa hapendi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, kwa mama mshonaji na baba fundi saa, akasoma hadi kidato cha nne, akajifunza uhudumu wa ndege, na mwaka 1981 akafunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu hapa mbele, ambaye habari za kupanda ndege hataki hata kuzisikia.

Mwezi Agosti 1983, dada akiwa kazini, ndege yao iliingia katika wingu la majivu ya volkano, injini zote nne zikazima, taa zikafuata, na kukawa kimya kiasi cha kusikia mtu wa kiti cha nyuma akimeza mate. Ndege ikawa inashuka hivyo hivyo, ndipo abiria wote wakasikia sauti ya mwanamke, ya upole, ikisema, "Tulieni, fungeni mikanda, zitawaka tu." Wakatulia, na kweli, walipotoka chini ya wingu injini ziliwaka, rubani akatua salama.

Sasa jamani, vipaza sauti havikuwa na umeme, na dada aliapa maisha yake yote kwamba kinywa kilimkauka, hakutamka neno. Abiria walipomshukuru, wakidhani ni yeye, alikasirika, sisi tukamtania kwamba anaringa, naye akalia, maana alichotaka ni kumjua aliyesema. Siku zile alikuwa akitapika kila asubuhi, akilaumu chai ya kazini, kumbe ni mimba, na Machi 1984 akajaliwa binti, mtoto wake wa pekee.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na Jumanne iliyopita, mchana, umeme wa wodi ulikatika, mashine zikanyamaza. Binti alikuwa amemshika mkono, nami nilikuwa namtazama, mdomo hakuufungua. Dada akamgeukia, akatabasamu, akasema, "Kumbe ulikuwa wewe," akapeleka mikono kiunoni kama anayefunga mkanda, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokimbilia jenereta, majirani, wafanyakazi wenzake, na yule mama wa kitanda cha pili, aliyemfuata binti koridoni kumshukuru kwa kumwambia atulie.

Dada, umeshamjua. Pumzika sasa, kwa amani.