Nani Atangulie Kwenye Orodha

Mfagiaji wa ndege alikaa kiti cha nyuma kwenye basi la wafanyakazi wa uwanja wa ndege, ndoo mapajani, akajifanya anasinzia ili asipitwe na neno. Mbele yake walikaa wapakiaji mizigo wawili wasiojuana, mama wa kizibao cha bluu na baba wa kizibao cha chungwa, rangi za mashirika mawili ya ndege yaliyoungana majuzi tu.

"Mkataba wa vyama vyetu vya wafanyakazi umekwama kwa sababu yenu," mama alianza. "Mwenye miaka mingi ndiye huchagua zamu kwanza. Mimi nimebeba masanduku miaka kumi na tisa, leo mseme nianze kuhesabu moja?"

"Dada yangu, shirika lenu limemezwa. Umeona wapi mtu aliyemezwa akichagua zamu?"

"Tumeungana, hatukumezwa! Kamuulize kiongozi wa chama chako. Watasaini, na jina langu litakuwa juu kwenye orodha ya zamu."

"Kusaini watasaini. Ila hapo juu utanikuta mimi."

Mfagiaji alibana kicheko. Wasiwasi hawakuwa nao hata chembe, na mkataba pia hawakuwa nao.

Basi likasimama karibu na ndege iliyokuwa imetua. Wote wawili wakainuka kwa pamoja, kila mmoja akitaka kutangulia, wakabanana mlangoni bega kwa bega, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma.

"Jamani, naombeni njia," alisema mfagiaji. "Mimi nimeletwa na wakala wa vibarua, huu mwaka wangu wa ishirini na tatu hapa uwanjani, na hakuna orodha hata moja yenye jina langu."