Bi Kifuniko na Chupa Mbili za Tope

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mpima tope wetu anavua koti la maabara. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tunamjua kama Bi Kifuniko.

Alianza kwa kuosha chupa, akasoma jioni, akaishia kuongoza maabara. Kwake, sampuli ya tope hufungwa kwanza, salamu baadaye. Mkurugenzi mmoja aliwahi kunyoosha mkono dakika nzima akingoja vifuniko vikazwe.

Sababu yake tunaijua kwa moyo. Urani, madini yenye sumu, husafiri ikiwa imeyeyuka katika maji yenye hewa. Ikifika kwenye tope jeusi la majani yaliyooza, pasipo hewa, haiyeyuki tena, hutulia humo. Tope hilo likipata hewa, urani huondoka na maji.

Miaka kumi na minne iliyopita ulikuja mpango wa kukausha kinamasi kilicho juu ya visima vya mtaa wa bondeni, anakoishi mama yake mzazi. Bi Kifuniko alipinga mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa tope likikauka huingiwa na hewa. Wakubwa walitaka ushahidi, naye hakuwa nao.

Wakati huohuo mimi, msaidizi wake, nilisahau kufunga moja ya chupa mbili za tope la kinamasi hicho, nikaenda likizo. Niliporudi baada ya wiki sita nilitaka kuimwaga kimyakimya. Akanikuta nayo kwenye sinki.

"Usimwage, mdogo wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tupime."

Maji ya chupa iliyofungwa yalikuwa na urani kidogo mno. Ya chupa yangu yalikuwa nayo mara thelathini zaidi. Alizibeba zote mbili kikaoni, na alipoulizwa nani aliacha moja wazi, akajibu kuwa ni kosa la maabara. Kinamasi hakikuguswa. Visima tunavipima kila mwezi, na maji yake ni salama.

Kosa lilikuwa langu, na leo naliandika kwa furaha. Jana ile chupa iliyofungwa, iliyokaa dirishani kwake miaka yote hii, amenikabidhi mimi. Nimeshakagua kifuniko mara tatu.

Ahsante, dada. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Nenda ukanywe maji ya kisima cha mama bila wasiwasi, huku tumefunga.