Keki Yenye Majani

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali akinyanyuka, sote tunayumba. Upande huo ni wa bwana tunayemwita Hamira, mwokaji. Keki zote za harusi mtaani kwetu ni zake, na zote ni moja: ghorofa tatu nyeupe pe, nguzo za plastiki, na kileleni bwana na bibi harusi wadogo ambao wameoana mara nyingi kuliko binadamu yeyote, maana kila harusi ikiisha huoshwa na kurudishwa kabatini. Ijumaa hii alikuwa hajagusa kahawa yake. Kesho yake mpwa wake anaolewa, binti wa dada yake, aliyelelewa nyumbani kwake, na keki anaoka yule mama aliyefungua jiko upande wa pili wa barabara. Kutoka benchini dirisha la jiko linaonekana lote. Ndiyo sababu mjadala haukuwa na dalili ya kuisha.

— Ina majani, alisema Hamira. Nimeyaona kwa macho yangu. Majani ya mpera.

— Juu ya keki? aliuliza Kinyozi kutoka mlangoni, mashine mkononi. Mteja wake alikuwa ndani, kichwa kimenyolewa nusu.

— Juu, ubavuni, kila mahali. Na mapera yenyewe. Na asali inachuruzika. Krimu kapaka kidogo tu, keki iko mbavu nje kama ukuta usiopigwa lipu.

— Lipu imemwishia, alisema Daktari. Huyu hutibu redio na spika, na spika za harusi hii zimekodiwa kwingine, kwa hiyo alikuwa na maoni mengi.

— Mimi sina wivu, alisema Kinyozi, ambaye bwana harusi hanyoi kwake. Lakini asali huita nyuki. Huyo binti ataingia ukumbini na msafara wa pili nyuma yake.

— Nyuki watafukuzwa. Mimi naogopa mbegu, alisema Daktari. Pera lina mbegu, pesheni lina mbegu, na ndani ya keki kuna joto na unyevu. Hotuba zikirefuka kidogo, watakuta imeota.

— Keki haioti, nilisema. Nilikuwa nimekuja kunywa kahawa tu.

— Dada, wewe umesoma. Mbegu hazijasoma.

— Na mtu mwenye akili timamu haweki majani bure, alisema Kinyozi. Yale kayachanganya na kitu. Kila atakayeonja atarudi kwake. Mwakani hata waliokwisha kuoana wataoana upya, mradi wapate keki.

Hamira aliinua uso kwa matumaini.

— Kwa hiyo bila hicho kitu wasingerudi?

— Wangerudia nini? Umeionja?

— Nilinunua kipande cha ile anayouza dirishani. Kwa uchunguzi.

— Ikoje?

Hamira alitazama kikombe chake.

— Ina ndimu, alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la aliyemwoa mchumba wake.

Mama wa kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Alimuuliza bila kugeuka:

— Kwani mpwa wako hakuja kwako kwanza?

— Alikuja, na picha kwenye simu. "Mjomba, nataka ya vitu vya hapa kwetu. Mapera, mapesheni, ndimu." Nikamwambia mimi naoka keki, silishi mbuzi.

Benchi likacheka, kama lilivyocheka wiki nzima kila aliposimulia. Mwenyewe hakucheka.

— Ulimweza, alisema Kinyozi. Leo majani, kesho angetaka magogo.

Ndipo mwanamume mmoja akavuka barabara, aproni ina unga, kapu tupu mkononi.

— Habari za hapa, wakubwa. Mimi mume wa huyo mwenye jiko. Natafuta nyumba yenye uzio wa mapesheni. Bibi harusi anataka maua ya juu ya keki yatoke huko.

Uzio ule uko nyuma ya duka la kinyozi. Ukigeuza shingo unauona. Hakuna aliyegeuza shingo.

— Maua yako hata sokoni, alisema Daktari.

— Tulimwambia hivyo, hataki. Anasema keki nzima ni vile alivyokuwa akila uani kwa mjomba wake, tangu mdogo. Mapera ya mjomba, ndimu za mjomba, mapesheni aliyoyapandisha mjomba kwenye uzio. Na tumesikia huyo mjomba ni mwokaji.

Alitutazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

— Sasa mbona hakuoka yeye?

Kinyozi alianza kupuliza nywele kwenye mashine ambayo haikuwa na nywele. Daktari alitazama paa. Mteja wa nusu kichwa alitoka nje ili asikie jibu, akangoja pamoja nasi. Mama wa kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone, likakauka.

Hamira alinyanyuka. Sote tukayumba.

— Ulitaka kuyachuma leo?

— Ndiyo, nimetumwa sasa hivi.

— Ua la mpesheni huchanua siku moja. La leo, kesho limefumba. Mkeo anajua hilo?

— Sidhani.

— Hajui, alisema Hamira akitugeukia, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumwona ana raha. Hajui kabisa. Basi rudi na kapu lako. Kesho asubuhi nitayakata mwenyewe, nitayapanga mwenyewe. Asiguse.

— Nitamwambia.

Hamira alishika njia ya uani kwake. Hakufika kona. Alirudi, akanywa kahawa yake iliyopoa kwa mkupuo mmoja, akamsogelea yule mwanamume na kushusha sauti, ingawa sote tulisikia:

— Ile ndimu. Anaparuza ganda, au anakamua maji?