Fundi Yuko Msibani Mikumi

Hebu niambie wewe unayejifanya mzoefu: kompyuta ikizima ghafla, na ofisi nzima ni wewe na kitanda chako, unamwita nani? Fortunatus, ambaye kijiwe cha nyuma ya stesheni ya Kilosa humwita Digrii, aliifunga yake kwenye joho lake la mahafali akaja nayo kwa Mzee Oswald. Mzee huyo, Injini kwa jina la kijiweni, aliendesha treni mpaka alipopunguzwa kazi. Sasa anauza kahawa ya tangawizi. Ndani ya ile mashine ya mtumba kulikuwa na mahojiano ya mtafiti wa Dar, ambayo Digrii aliyasikiliza na kuyachapa mpaka masikio yakamuuma. Yafike kabla ya magharibi, la sivyo kazi anapewa mwingine. Na tangu alivae lile joho, hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kupata. Fundi wa kompyuta wa mjini alikuwa mmoja tu, naye yuko msibani Mikumi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Umebeba mtoto?

— Laptop. Imekufa. Screen nyeusi tii.

— Umempigia bosi wako wa Dar? aliuliza Regina, fundi cherehani anayeitwa Redio kwa sababu habari za Kilosa humfikia kabla hazijatokea.

— Nimempigia. Kaniambia, "Please contact your IT department."

— Si uwapigie hao, basi!

— IT department ni mimi, dada. Uhasibu ni mimi. Mlinzi ni mimi. Na anayelala kazini ni mimi vilevile.

Doto Plagi, wa bodaboda, akaivuta ile mashine akainusa.

— Hii imekunywa mafuta kupita kiasi. Pikipiki ikifanya hivi unaipumzisha, halafu unaisukuma kwenye mteremko.

— Uisukume laptop mteremkoni?

— Natoa mfano tu, bro. Chomoa betri, tuianike.

Ikaanikwa. Kuku akaja akaikagua, akaondoka bila kutoa maoni. Betri ikarudishwa. Kimya.

— Mnaionea bure, alisema Injini. Umeipakia mzigo mzito. Humo umeweka maneno ya nani?

— Wakulima wa vijiji vya Masanze na Ulaya, hukuhuku Kilosa.

— Basi! Malalamiko matupu hayo. Behewa la malalamiko ni zito kuliko la mkonge. Ungeyavuta kwa mafungu, ingepanda mlima.

Redio akacheka, kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

— Nyie mnahangaika na chuma. Huyo mtafiti ameshayasoma yote hewani. Kaona kazi imekwisha, kabonyeza hukohuko Dar, puu! Kazima. Halipwi mtu. Hilo ndilo soko huria.

— Dada Regina, it doesn't work like that.

— Inafanyaje sasa? Tueleze.

Digrii akaifuta screen kwa pindo la joho. Injini akamkata Redio jicho: kuna swali moja ambalo kijiwe kizima kilishakubaliana kutomuuliza huyu kijana. Redio akajifanya anatafuta sindano.

Simu ya Digrii ikatetemeka. "Any update?" Jua lilikuwa limeshagusa paa la stesheni.

Hapo akafika Gaudiosa, muuguzi aliyehamia Kilosa juzijuzi, anataka kahawa. Akamwamkia mzee, akaitazama ile maiti juu ya benchi.

— Poleni jamani. Kwani Kilosa nzima hakuna hata mmoja aliyesomea kompyuta?

Plagi akaipiga kiki pikipiki isiyo na abiria. Injini akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Redio akakosa habari.

Digrii akainuka.

— Yupo, sister. Bachelor of Computer Science, upper second. Huyu hapa. Chuoni keyboard nilichorewa ubaoni kwa chaki. Ya kweli niliiona siku ya mgeni rasmi, tena imefunikwa kitambaa.

Akaigeukia barabara ya Morogoro kana kwamba wahusika wote wamejipanga pale.

— Nyie mliopokea ada, mkanipigia makofi, mkaniambia nikajiajiri! Njooni Kilosa sasa hivi, kabla ya adhana, muiwashe hii. Mkishindwa, chukueni joho lenu, mniachie hata bisibisi!