Yewubdar Aliyeuogopa Udongo Mweusi

Wapendwa waombolezaji, na hasa ninyi mliofika hapa mmeshika viatu mkononi kwa ajili ya matope, familia inawaomba msogee karibu, maana mvua inapiga turubai na haya ni maneno ya kusikika yote, ni maisha ya Yewubdar binti Wolde, mke wa marehemu Zewge, mama wa Demissew na Mantegbosh, na wa Habte aliyetangulia, mwanamke aliyeishi miaka hamsini na tisa juu ya udongo huu mweusi tunaoukanyaga leo, asiache siku hata moja kuuogopa.

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa Tahsas mwaka 1936, kwa kalenda yetu ya Kihabeshi, kule Gora Ber mlimani, mtoto wa nne wa mzee Wolde na mama Tiruye, kwenye udongo mwekundu, udongo mpole ambao mvua ikinyesha asubuhi mchana unaupita na kiatu kikavu, ukijenga ukuta unasimama mpaka wajukuu, ukichimba shimo linabaki shimo. Kutoka kwao watoto waliutazama uwanda wa Jiru huku chini, wakati wa mvua unang'aa maji kama sinia, wakati wa kiangazi mweusi kama uliopitiwa na moto, na mama zao wakawa wanawatishia nao, mtoto akikataa kwenda kuchota maji anaambiwa, "Haya, kaa hapohapo, tutakuoza Jiru ukaliwe na ardhi," na watoto wengine walicheka, ila Yewubdar hakucheka, alikuwa anachukua mtungi na kwenda.

Shule ya wasichana wakati huo haikuwepo, herufi alizijua akiwa mama mtu mzima, mwaka 1972, kampeni ya kusoma ilipopita vijijini, akakaa chini kanisani pamoja na mwanawe Demissew, akajifunza kuandika jina lake na la baba yake, basi, na Zewge akamwambia, "Sasa nimekwisha, utanipeleka mahakamani," naye akamjibu, "Wewe nikupeleke wapi, mahakama ikiona hayo magoti yako yenye matope itakuhurumia."

Aliolewa na Zewge tarehe 20 Tirr mwaka 1952, akiwa na miaka kumi na sita, kiangazi kikali, na wazee wengine hapa wanaikumbuka siku ile, nyumbu wa bibi harusi alishuka mlima vizuri kabisa, alipofika pale wekundu unapokwisha na weusi unapoanza akasimama, akakataa, kwa sababu ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kumeza mguu wa mtu mpaka pajani, na wapambe wakamvuta kwa kicheko, mmoja akasema, "Bibi harusi, ardhi ya kwetu ina midomo lakini haina meno, usiogope," na Yewubdar chini ya shela akauliza kwa sauti ndogo, "Na ikifumba?" Walicheka tena, mpaka leo kuna watu wanaisimulia kama mzaha, lakini yeye alikuwa anauliza kweli.

Mama mkwe wake, mama Askale, alimpokea na kumfundisha udongo huu kama mtu anayefundishwa tabia za baba mkwe mkali. Alimwambia, "Binti yangu, huu hunywa mara moja tu kwa mwaka, mvua za kwanza zinaingia zote kwenye nyufa, wala huzioni zimekwenda wapi, halafu unavimba, unafumba, na tone lolote linalokuja baada ya hapo linakaa juu, halishuki, halina pa kwenda, hivyo ukipanda mapema mbegu inaoza, subiri." Akamwambia pia, "Mvua zikikoma utaona maajabu, dengu zinaota bila tone kutoka juu, maana maji umeyaficha ndani, lakini ni bahili, nusu yake hata mzizi hauupi." Na kazi yake yote ya maisha ikawa hiyo, wanaume wakilima kwa ng'ombe yeye na wanawake wenzake waliinama nyuma yao, wakichota udongo kwa mikono kutoka kwenye mifereji na kuupandisha kwenye matuta, maji yapate njia ya kutoka, ngano ipate pa kusimama, kazi ya kuvunja mgongo, udongo unanata mpaka viwiko, ukikauka unavua ngozi, na hakuna aliyenyoosha matuta kama Yewubdar, wala aliyenawa haraka kama yeye, wifi zake walimtania, "Huyu anadhani udongo utamfuata kitandani," naye anasugua kucha tu.

Habte, mtoto wake wa kwanza, alizaliwa mwezi wa Megabit mwaka 1954, akabatizwa, akacheka, akaanza kumjua mama yake, na tarehe 19 Hamle ya mwaka huohuo homa ikamchukua, katikati ya mvua kubwa, akazikwa hapahapa kanisani kwa Mikaeli. Familia imejadiliana kama jambo hili lisomwe mbele za watu, Mantegbosh akasema lisomwe, maana bila hili hamtamwelewa mama. Shimo lilichimbwa, maji ya juu yakaingia, wakayachota, yakaingia, kasisi alikuwa anasubiri, mvua haisikii, mama Askale akamkumbatia mkamwana wake na kumwambia, "Geuka, mwanangu, usitazame," na yeye akatazama, akaona kile kifurushi cheupe kikiwekwa na kisitulie, kikarudi juu, mpaka mwanamume mmoja akakishikilia kwa mikono miwili wakati wenzake wanatupa udongo. Hakulia. Alisema tu, "Ana baridi," akayasema hayo maneno njia nzima mpaka nyumbani.

Tangu hapo hofu yake haikuwa tena ya mguu kuingia ufa. Kila kiangazi ardhi juu ya Habte ilipasuka, naye alipanda mpaka kwao Gora Ber na kapu mgongoni, akateremka na udongo mwekundu, akaujaza ufa kwa viganja, akaupigapiga, na mwaka uliofuata udongo ule haukuwepo, umekwenda chini wote, badala yake yamepanda mawe ambayo hakuna aliyeyaweka, maana udongo huu hujigeuza wenyewe, unameza cha juu na kutapika cha chini, na wenye mashamba hapa mnajua, mwaka huu unaokota mawe yote, mwakani yamerudi. Basi kila jiwe jipya alilolikuta pale alilichutamia akaligeuza taratibu, akiogopa siku moja lisiwe jiwe. Zewge alimfuata mara nyingi, akamwinua, akamwambia, "Twende, mke wangu, mtoto yuko kwa Mungu, hayuko humu," naye akajibu, "Basi kwa nini humu ndimo tulimomweka?"

Mungu aliwajalia Demissew mwaka 1957 na Mantegbosh mwaka 1961, wakaishi, wakawapa wajukuu saba, na Zewge alifariki mwezi wa Yekatit mwaka 1999, kiangazi, akazikwa pakavu, na siku hiyo Yewubdar aliwaambia wanawe ombi moja, alilirudia kila mwaka mvua zilipokaribia, kwamba yeye wasimzike humu, akifa kiangazi wampeleke Gora Ber, akifa mvua zikinyesha ndiyo kabisa wampeleke Gora Ber, hata kama ni kwa kumburuta. Demissew aliahidi. Aliapa kwa Mikaeli.

Ugonjwa ulimwanza mwezi wa Miyazya mwaka huu wa 2011, miguu kuvimba, pumzi fupi, hospitali ya mjini wakasema moyo umechoka na maji yanabaki mwilini, wakampa vidonge, na alipoambiwa alicheka kidogo, akamwambia binti yake, "Unaona, nimekuwa udongo wa kwenu, naingiza tu, sitoi." Mvua zilipoanza hofu ilimzidi ugonjwa, kila asubuhi aliuliza nyufa zimefumba, na siku alipoambiwa zimefumba zote akasema, "Nipandisheni nikiwa hai, maana nikifa mtaniona mzito." Tarehe 28 Hamle vijana wa chama chetu cha kuzikana wakambeba kitandani, wakizama mpaka magotini, wakivutana miguu, mpaka walipofika kwenye wekundu, na kaka yake Tesema akampokea kwa furaha, akamlaza karibu na mlango, mahali pakavu, naye Yewubdar akala, akalala, tukasema sasa ametulia.

Halafu mvua ikanyesha kule juu, mvua ya mchana kutwa, na Tesema, kwa nia njema ya kumfariji dada yake, akamwambia, "Sikia, Yewubdar, sikia maji yanavyokimbia, hapa hayakai hata kidogo, yote yanashuka." Yewubdar akaketi kitandani, yeye ambaye hata kugeuka alisaidiwa. Akasema, "Yanashuka kwa Habte." Tesema akasema, "Dada, lala," naye hakulala, alisikiliza maji mpaka yalipokwisha, na tarehe 4 Nehase, siku sita tangu apandishwe, akamwita Demissew, akamwambia amrejeshe uwandani, na akifa amzike kando ya mwanawe.

Demissew alidhani ni homa, akamwambia, "Mama, ulituapisha, na magoti yetu bado yanauma," naye akasema, "Nishusheni polepole basi." Mantegbosh akapiga magoti akamuuliza, "Mama, huogopi tena?" akajibu, "Naogopa sana, ila yule amekaa mle peke yake, na mimi ni mtu mzima." Njiani aliushika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na walipoingia kwenye weusi akauliza, "Kuna maji?" Mantegbosh akasema, "Kidogo, mama, ya vifundoni," naye akasema, "Muongo wewe, nasikia yanagonga kitanda," lakini hakusema wageuze.

Alifariki jana tarehe 6 Nehase, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Demissew, mkono wake ukiwa kwa binti yake, na neno la mwisho lilikuwa kuuliza kama mvua imekoma, nayo haikuwa imekoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mjini, mzee Tesema na watu wa Gora Ber, makasisi wa Mikaeli, majirani mliochemsha ngano ya msiba katika siku hizi za mfungo kuni zikiwa zimelowa, wanawake mliolima naye, na vijana wa chama mliomchukua mara mbili bila kunung'unika, na ambao tangu alfajiri mnachota maji kaburini.

Kaburi liko tayari kando ya Habte, lina maji, mmeyaona, yanachotwa na yanarudi, hatutamdanganya aliyekuwa anatusikia tukidanganya, na sisi wenyewe tunaogopa kumshusha. Alilijua hili kaburi kabla yetu, akaja. Yewubdar binti Wolde, mama wa Habte, umeogopa vya kutosha, pumzika kwa amani.