Mshindi wa Mashine ya Moyo

Ndani ya basi dogo nililopanda kutoka Bugarama kwenda Kamembe, mzee mmoja, Papa Habumugisha, alikuwa akimsimulia jirani yake, maman mwenye gunia la mchele, jinsi alivyoishinda mashine ya hospitali. "Bananibandika manyuzi ku kifua, natembea ku mukanda wenye kukimbia. Kila mara dokta anauliza, unasikia maumivu? Nasema hapana, mupaka mwisho."

"Na ulikuwa unayasikia?"

"Sana. Lakini nilijikaza. Sijaanguka mutihani tangu utoto."

Maman alimtazama kama mtu aliyeuziwa mchele wenye mawe. "Papa, balikukimbizisha kusudi moyo uume mbele yabo, baone unagonjwa wapi. Weye umebaficha."

"Nimefaulu, maman. Karatasi nimeitundika ku ukuta, pembeni ya foto ya ndoa."

Mlimani injini ikazimika. Dereva akatuomba tushuke tusukume. Tulishuka, maman akiwa wa kwanza. Nilipoinua kichwa nikisukuma, nilimwona dirishani mshindi bado amekaa, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya gunia. Alisema anamlindia maman mchele wake.