Filomena Borba, Mtoto wa Mama Aliye Hai

Leo, Jumamosi tarehe 12 Novemba 1977, tumekusanyika hapa kanisani Tulare kumsindikiza Filomena Silveira Borba, ambaye sisi tulimwita Mena na dunia nzima ikamwita Karin Sund. Mwenyewe aliagiza kwamba wasifu wake usianze na yeye, uanze na mama yake. Tunatii, maana alipokuwa hai hakuwa mtu wa kubishiwa, na sasa ndiyo hatuwezi kabisa.

Mama yake ni Deolinda Silveira Borba. Alizaliwa kisiwani Terceira, huko Ureno, mwaka 1908, akaja California mwaka 1927, na mwaka uliofuata akaolewa na Manuel Borba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hajawahi kuwa Mswidi. Hajawahi kuolewa na nahodha. Meli aliipanda mara moja tu maishani, akatapika kutoka bandari hadi bandari, akaapa kwamba hatapanda nyingine hata wamwambie inakwenda mbinguni.

Mena alizaliwa tarehe 11 Agosti 1930, katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya zizi, siku ya Mtakatifu Filomena, kwa hiyo jina halikutafutwa mbali. Alikuwa na nywele nyeusi tii, na kilio ambacho baba yake alidai kinawaziba ng'ombe maziwa. Mdogo wake, Anselmo, ambaye ndiye anayewasomea haya, alimfuata mwaka 1935. Baba yao alifariki tarehe 3 Februari 1943 baada ya kupigwa teke na fahali, na Mama akavaa nyeusi kama wajane wetu wote wavaavyo.

Alisoma hapa hapa Tulare, akamaliza sekondari Juni 1948. Hesabu zilimpiga chenga, lakini katika michezo ya kuigiza hakuwa na mpinzani. Pentekoste ya mwaka 1947 alichaguliwa malkia wa sikukuu yetu ya Kireno ya Roho Mtakatifu. Wengi wenu mlikuwepo. Mnalikumbuka lile joho la mahameli lililohitaji wasichana wanne kulibeba, na mnakumbuka nyama na mkate uliolowa mchuzi, maana kuna watu humu ndani walirudi mezani mara tatu. Wiki chache kabla ya siku hiyo, Mena alimvamia mama yake jikoni.

"Mama, miaka minne imepita. Utanisindikiza barabarani na hiyo nyeusi, kana kwamba unanipeleka kaburini?"

"Mjane ni mjane, mwanangu."

"Baba hakukuoa ukiwa na nyeusi. Vaa bluu siku hiyo moja tu. Kesho yake rudia nyeusi yako mpaka uchoke."

Mama alishona gauni la bluu lenye kola nyeupe, akalivaa, na kesho yake hakuirudia nyeusi. Wanawake wengine walimsema. Aliwajibu kwamba Roho Mtakatifu hajalalamika, sasa wao ni nani? Mena alilipenda gauni lile kuliko joho lake la kimalkia, na alilitaja mpaka siku zake za mwisho.

Picha ya malkia yule ilitoka kwenye gazeti la Fresno, ikaonwa na wakala mmoja wa waigizaji, na Septemba 1948 Mena akapanda basi kwenda Los Angeles. Januari 1949 alitia sahihi mkataba wa miaka saba na studio moja kubwa. Kwanza walimpa jina la Kiswidi, Karin Sund, kisha kazi ikaanzia kichwani. Kila wiki walimpaka dawa ya kuzigeuza nywele rangi ya dhahabu, dawa kali iliyomwacha na vidonda chini ya hizo nywele ambazo wanaume waliziota. Mwalimu wa matamshi alimng'oa Tulare mdomoni. Aliigiza msichana wa kubeba trei, msichana wa kuanguka kwenye bwawa, msichana wa kufungua mlango na kusema "Oh!" Askari waliokuwa vitani Korea walibandika picha zake juu ya vitanda vyao, na baadhi yao wamo humu kanisani, ingawa leo wameinamisha macho mbele ya wake zao.

Mwaka 1952 alipewa nafasi kubwa katika filamu ya *Mrembo wa Ghorofa ya Tisa*. Hapo ndipo alipoitwa ofisi ya matangazo, kwa bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwaandikia waigizaji maisha waliyopaswa kuwa nayo.

"Baba yupo?" bwana yule aliuliza.

"Alifariki."

"Safi. Na mama?"

"Mama yupo nyumbani, anakamua."

"Anakamua nini?"

"Ng'ombe, bwana. Kwani kunakamuliwa nini kingine?"

Bwana yule aliweka kalamu chini. "Sikiliza, mrembo. Mswidi mwenye nywele za dhahabu hawezi kuwa na mama Mreno anayenuka zizi. Na yatima nusu hauziki. Yatima kamili, huyo anauzika."

Mena alisimulia habari hii miezi ya mwisho ya maisha yake, tena zaidi ya mara moja, na kila mara alitaka neno moja lisikosewe: hakulazimishwa. Hakuna aliyemshika mkono. Alikaa kwenye kiti kile, akaitazama ile picha ya tangazo la filamu iliyokuwa ukutani nyuma ya bwana yule, akaona uso wake ulivyokuwa mkubwa, akasema, "Sawa." Kisha akaenda kula chakula cha mchana, na kikamshuka vizuri. Hilo la chakula kumshuka lilimuumiza kuliko yote.

Gazeti la wacheza filamu lilitufikia Oktoba mwaka huo kupitia jirani ambaye hakuweza kungoja hata avue aproni. Mama hakujua kusoma Kiingereza, kwa hiyo Anselmo alimsomea, wamesimama kwenye mlango wa zizi. Karin Sund, binti pekee wa nahodha wa Uswidi aliyezama na mkewe mwaka 1939.

"Mkewe ni nani?" Mama aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Nimezama?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mimi? Mimi hata maji ya beseni la kuogea hayajawahi kunifika magotini." Alilichungulia gazeti. "Na wewe umeandikwa?"

"Mimi sikuzaliwa."

"Basi wewe una nafuu."

Tulicheka, na Mama alicheka kutushinda. Halafu akaingia ndani, akalikunja gauni la bluu, akalitia sandukuni, akatoka amevaa nyeusi. Anselmo alipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba nyumba ikifiwa watu wake huvaa nyeusi, na kama binti yake hana nafasi ya kumlilia, atajililia mwenyewe. Alipoulizwa ataivua lini, alisema, "Wamechapisha kwamba nimekufa. Siku watakayochapisha kwamba nipo hai, nitaivua."

Mena alikuja Krismasi. Alidhani nyeusi ile ni ya baba. Alipoambiwa ni ya nani, alikaa chini sakafuni jikoni, na koti lake la manyoya, akalia mpaka rangi ya macho ikamfika kidevuni. Aliahidi kwamba filamu ijayo ikitoka atasema ukweli. Filamu ijayo ilitoka, akasema haifai ukweli uharibu usiku wa kwanza wa onyesho. Kisha mkataba ulikuwa karibu kurudiwa, haukuwa wakati wa kuwaudhi wakubwa. Kisha kulikuwa na sababu nyingine. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila Krismasi Mama alimfungulia mlango akiwa na nyeusi, akambusu, akampakulia, wala hakuligusia neno lile. Mena alisema kwamba heri angetukanwa.

Yako mambo ambayo Mama huyasimulia kwa kicheko na Mena hakuweza kuyasikiliza. Machi 1956 Mama alikwenda kumtembelea Los Angeles, akiwa na mkate mtamu na soseji kwenye kikapu. Siku ya pili mwandishi wa safu ya umbea alitokea mlangoni bila taarifa. Mena aliganda. Mama alimtazama binti yake, akatazama mlango, akachukua aproni iliyokuwa msumarini, akaifunga juu ya nyeusi yake, akaleta kahawa.

"Kahawa tamu hii," mwandishi alimwambia. "Umemtumikia Bi Karin siku nyingi?"

"Tangu hajazaliwa," Mama alijibu kwa Kiingereza chake cha sokoni.

Mwandishi alicheka mpaka kahawa ikamwagika, na wiki ile akaandika kwamba Karin Sund ana mtumishi mcheshi kupita wote mjini. Mena angeweza kusema neno moja tu pale sebuleni. Alisema, "Asante, unaweza kwenda." Mama alikwenda jikoni akaosha vikombe. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, alituambia aliporudi. Mena alikiri baadaye kwamba yeye ndiye alikuwa nundu, na nundu nayo ilijua uzito wake.

Alifunga ndoa tarehe 22 Juni 1957 huko Las Vegas na Raymond Tolliver, msaidizi wa mpiga picha, mtu mpole ambaye kwa miaka mingi aliwasha taa ili mke wake ang'ae na mwenyewe akabaki gizani. Harusi ilikuwa ya haraka, na yatima hana wa kumwalika. Tarehe 9 Mei 1959 walijaliwa binti wao wa pekee, Linda. Watu wa studio walilisifu jina kwamba ni la kisasa. Ni Deolinda. Mena alilificha jina la mama yake ndani ya mtoto, maana hapo tu ndipo alipothubutu kuliweka.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mwaka 1961 mkataba haukurudiwa. Walikuwapo wasichana wengine wenye nywele za dhahabu mpya zaidi. Mena aliigiza mashangazi kwenye televisheni, alikata utepe kwenye maduka mapya ya vyakula, na mwaka 1964 aliacha dawa ya nywele. Nyeusi ilirudi, safari hii ikiwa na mvi. Mwaka huohuo, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwogopa, alivaa vizuri akaenda kwa yule yule mwandishi wa umbea. Alimwambia kwamba mtumishi aliyemletea kahawa alikuwa mama yake mzazi, na kwamba yu hai.

Mwandishi alimpigapiga mkono. "Bibi mpendwa," alisema, "hiyo ingekuwa habari nzuri sana, kama ungekuwa bado mtu maarufu."

Hakuichapisha. Mena alijaribu magazeti mengine mawili, nako wakamwomba picha za zamani. Alikuwa ameuweka ukweli mpaka ukachacha. Alisema kwamba siku ile ndipo alipojua hasa alichokifanya. Alipokuwa na sauti ya kumfufua mama yake aliitumia kusema "Oh!", na sasa alitaka kusema na hakuna aliyegeuza shingo.

Tarehe 14 Machi 1976 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Septemba mwaka huo yeye na Raymond walihamia hapa Tulare, kwenye nyumba ile ile nyuma ya zizi. Mama, akiwa na miaka sitini na minane, alimlisha kwa kijiko. Kwa mwaka mzima na zaidi walikuwa pamoja kila siku, wakibishana juu ya chumvi na juu ya padre. Wiki ya mwisho Anselmo alikuwa akibadilisha mito aliposikia haya.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, Mena. Hata gazeti lilikuwa halijachakaa."

"Mbona hukuivua?"

"Kusamehe kulikuwa kazi yangu, nimeimaliza. Kuchapisha kulikuwa kazi yako."

Mena alifumba macho, tukadhani amelala. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Anselmo. Ile karatasi ya mazishi, mnaichapisha?"

"Huchapishwa, dada."

"Kwa mashine? Siyo kwa mkono?"

"Kwa mashine, kwa mchapaji kabisa."

"Basi anza na Mama. Na mwisho, kwenye wafiwa, mtangulize yeye. Usinipambe. Mtaje yeye."

Alifariki Jumatano tarehe 9 Novemba 1977, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Alhamisi magazeti makubwa yalimkumbuka. Yalitoa picha ya nywele za dhahabu, na chini yake yakaandika kwamba Karin Sund alikuwa binti yatima wa nahodha wa Uswidi. Anselmo alitaka kumficha Mama. Mama alinyoosha mkono, akasema asomewe. Aliposikia amezama tena, alitingisha kichwa tu, akauliza kama mchapaji wa Tulare ameanza kazi.

Tunajua desturi yetu. Tunajua mama aliyefiwa na mtoto havai rangi, na tunajua kuna watakaonong'ona. Wakati maneno haya yanapelekwa kwa mchapaji, gauni la bluu lenye kola nyeupe limeshatolewa sandukuni na Linda amelitanua kiuno. Karatasi mliyoshika ndiyo ya kwanza kuchapishwa tangu mwaka 1952 inayosema alichotaka kusikia. Ni karatasi ndogo na imechelewa, na aliyepaswa kuitoa hakuweza kuishika. Kwa hiyo mkimwona Deolinda amevaa bluu mbele ya jeneza, mwacheni. Binti yake hatimaye amesema.

Filomena Silveira Borba ameacha mama mzazi, Deolinda Silveira Borba, ambaye yu hai na ameketi hapa kiti cha mbele. Ameacha pia mume, Raymond; binti, Linda; mdogo wake, Anselmo; wifi yake na watoto wao.

Pumzika sasa, Mena. Imechapishwa.